Kijana na Ramani ya Ulimwengu



Siku hizi husikika mara nyingi kwamba vijana hawana budi kushiriki katika mambo ya ulimwengu. Maneno hayo yamo katika hotuba, yamo katika magazeti, na mwezi wa Septemba mwaka 2024 yaliandikwa hata katika mapatano ya Umoja wa Mataifa, New York, juu ya kompyuta na intaneti kutumika kwa manufaa ya watu wote. Ni maneno mazuri. Lakini mwanafunzi wa Tanga akiyasikia ana haki ya kuuliza: Nishiriki vipi? Sina nauli ya kwenda New York, wala sina kiti katika mkutano wowote. Mimi niliye hapa Tanga, au Pangani, au Moa, nina kitu gani ambacho ulimwengu wakihitaji kutoka kwangu?

Somo la leo ni jibu la swali hilo, na jibu lenyewe ni fupi: una mahali pako, nawe wapajua kuliko mtu mwingine yeyote. Elimu ya mahali, ikiandikwa kwa ukweli na kwa vipimo, huitwa ramani. Na mambo mengi ya maendeleo, tangu kisima hata barabara, huamuliwa juu ya ramani. Kijiji kisichokuwamo katika ramani aghalabu hakisahauliwi kwa chuki. Husahauliwa kwa sababu hakionekani.

RAMANI ILIYOCHORWA BILA SISI

Tuanze na historia ya pwani yetu hii. Mwaka 1886, mwisho wa mwezi wa Oktoba na mwanzo wa Novemba, Uingereza na Ujerumani walipatana kwa barua kugawana nchi za Afrika ya Mashariki. Wakapiga mstari kuanzia mlango wa mto Umba, hapo kaskazini yetu, ukaenda hata ziwa Jipe, ukazunguka mlima Kilimanjaro kwa upande wa kaskazini, kisha ukaendelea hata ziwa Viktoria. Sultani Barghash wa Unguja akaachiwa ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi tu. Utazameni mstari huo katika atlasi zenu. Sehemu zake kubwa zimenyooka kama zilizopigwa kwa rula, kwa sababu zilipigwa kwa rula kweli. Mto haunyooki hivyo, wala njia ya ng'ombe, wala mpaka wa mashamba ya watu.

Waliopiga mstari ule hawakuwauliza Wadigo, ambao kwao kulikuwa pande zote mbili. Leo Mdigo wa Mkinga na Mdigo wa Kwale ni watu wa lugha moja na ukoo mmoja, lakini akitaka mmoja kumzuru mwenziwe sharti apite forodha ya Horohoro na Lungalunga. Wasegeju nao ni vivyo hivyo. Sisemi haya ili kuamsha ugomvi. Mipaka ile sasa ni mipaka yetu, na mwaka 1964 wakuu wa nchi huru za Afrika, walipokutana Cairo, walikubaliana kuiheshimu. Nasema ili tupate funzo. Wenye kalamu, karatasi na vyombo vya kupimia ndio walioamua. Wenye miguu iliyoizoea nchi hawakuamua kitu. Asiyechora ramani huchorewa.

RAMANI ILIYO WAZI KWA WOTE

Kwa miaka mingi kutengeneza ramani kulikuwa kazi ya serikali na majeshi, tena kazi ya gharama kubwa. Mwaka 2004 kijana mmoja wa Uingereza, Steve Coast, alianzisha ramani ya ulimwengu iliyomo katika intaneti, iitwayo OpenStreetMap. Kanuni zake ni mbili. Ya kwanza, kila mtu aweza kuongeza kitu au kusahihisha kosa. Ya pili, kila mtu aweza kuitumia bila kulipa, maadamu ataje alikoitoa. Watu waliojiandikisha katika kazi hii sasa wamepita milioni 10, na wengi katika wanaoitenda ni vijana.

Kazi yenyewe huenda kwa hatua mbili. Hatua ya kwanza, mtu huketi mbele ya kompyuta akatazama picha zilizopigwa na setilaiti au ndege, akafuatisha kwa mistari barabara, mito na mapaa ya nyumba. Kazi hii aweza kuifanya mtu aliye Berlin au Manila ambaye hajatia mguu Afrika. Hatua ya pili haiwezi kufanywa na mtu huyo. Picha ya kutoka juu huonyesha bati, haionyeshi kama chini ya bati lile pana zahanati au ghala la mkonge. Huonyesha mto, haionyeshi kama kivuko chake chapitika wakati wa masika. Huonyesha kisima, haionyeshi kama maji yake ni matamu au ya chumvi. Tena picha haina majina. Hapo elimu ya mgeni hukoma, na elimu ya mwenyeji huanza.

Ulimwengu uliona nguvu ya kazi hii tarehe 12 Januari 2010, wakati tetemeko la nchi lilipobomoa mji wa Port-au-Prince huko Haiti. Waokoaji walifika wasiwe na ramani nzuri ya mji. Mamia ya watu wa nchi mbalimbali, kila mmoja kwake, walifuatisha picha mpya za mji ule usiku na mchana, na katika siku chache tu waokoaji wakawa na ramani ya kuwaongoza. Hawa hawakuwa mabalozi wala matajiri. Walikuwa watu waliojua kufanya kazi moja ndogo kwa uangalifu.

SIMU HUJUAJE MAHALI ILIPO?

Wengi wenu mmeona simu ikionyesha alama ndogo ya mahali ilipo. Si uchawi; ni hesabu, nayo yafaa tuieleze.

Juu ya dunia, kwa kimo cha kilometa 20,200 hivi, huzunguka setilaiti za Marekani zisizopungua 24, ziitwazo kwa jumla GPS. Urusi, China na Umoja wa Ulaya nao wana zao. Kila setilaiti ina saa iliyo sahihi mno, nayo hutangaza bila kukoma: mimi ni fulani, nipo mahali fulani, na saa yangu ni kadhaa. Simu, katika jambo hili, haisemi neno, husikiliza tu. Tangazo husafiri kwa mwendo wa nuru, yaani kilometa 300,000 kwa sekunde. Simu ikijua tangazo liliondoka lini na likafika lini, huzidisha muda kwa mwendo, ikapata umbali wake kutoka setilaiti ile. Hii ni hesabu ile ile mliyoifanya shule ya msingi: mwendo mara muda ni umbali.

Umbali mmoja hautoshi. Mfikirini mvuvi aliye baharini, ajuaye tu kwamba yu maili tatu kutoka mnara wa taa. Aweza kuwa popote katika duara ya maili tatu. Akijua pia umbali wake kutoka kisiwa fulani, duara mbili hukatana mahali pawili. Akipata na umbali wa tatu, hubaki mahali pamoja. Simu hufanya hivyo hivyo, ila yahitaji setilaiti ya nne. Kwa nini? Kwa sababu saa ya simu si sahihi kama saa za setilaiti, na kosa la sehemu moja tu katika milioni ya sekunde hupoteza mita 300. Basi simu ina mambo manne isiyoyajua: mahali pake mashariki na magharibi, mahali pake kaskazini na kusini, kimo chake, na kosa la saa yake. Mambo manne yasiyojulikana yahitaji milinganyo minne. Mwanafunzi aulizaye milinganyo sanjari ina faida gani maishani, na aikumbuke simu ya baba yake.

Mwisho wa hesabu hiyo simu hupata latitudo na longitudo. Mji wa Tanga uko digrii 5 na dakika 4 kusini ya Ikweta, na digrii 39 na dakika 6 mashariki ya Greenwich. Digrii moja ya latitudo ni kilometa 111 hivi. Kwa hiyo sisi tu mbali na Ikweta kwa kilometa 560 na kidogo. Hivyo ndivyo mahali popote, hata mwembe ulio nyuma ya bweni, pawezavyo kupewa anwani ambayo mtu wa nchi yoyote ataielewa.

VIJANA WALIOANZA

Sasa tutazame walivyofanya vijana wengine wa Afrika ya Mashariki, maana mfano ni mwalimu.

Mwaka 2009, huko Nairobi, vijana wa Kibera walianza kuchora ramani ya mtaa wao. Maelfu kwa maelfu ya watu walikuwa wakiishi pale, ilhali katika ramani mahali pale palikuwa karibu patupu. Vijana wakatia njia, shule, visima, vyoo na zahanati, na mtaa ukaonekana.

Hapa kwetu, mwaka 2011, wanafunzi wa chuo pamoja na wenyeji walichora ramani ya Tandale, Dar es Salaam. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule mvua kubwa ilinyesha katika jiji, mabonde yakafurika, na watu zaidi ya 40 wakafa. Msiba huo ulionyesha hasara ya kutojua nyumba ziko wapi na maji hupita wapi. Mwaka 2015 ikaanza kazi kubwa zaidi, iliyoitwa Ramani Huria, kwa msaada wa Tume ya Sayansi na Teknolojia, Benki ya Dunia, Msalaba Mwekundu na wengine. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu Ardhi waliingia katika kata zinazofurika, wakitembea pamoja na watu wa mitaa ile. Waliandika mifereji, madaraja, njia, visima na nyumba, wakauliza wenyeji maji hufika wapi yafurikapo.

Angalieni swali hilo la mwisho. Mama aliyeishi bondeni miaka ishirini huenda hajasoma hata kitabu kimoja cha jiografia, lakini akinyosha mkono akasema, "Maji yalifika hapa," amewapa wataalamu kipimo wasichoweza kukipata kwa setilaiti. Kijana aliyesoma kazi yake ilikuwa kusikiliza, kupima urefu ule, na kuuandika. Na mifereji ilipoandikwa yote, likaonekana jambo ambalo kila mtaa peke yake haukuliona: mfereji uliozibwa na taka mtaa wa juu huigharikisha nyumba ya mtaa wa chini.

Mwaka 2016 kazi ikafika Unguja na Pemba. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walikuwa miongoni mwa waliofundishwa kurusha ndege ndogo zisizo na rubani, zikapiga picha za visiwa kutoka juu.

Mfano wa mwisho ni wa mkoa wa Mara, nao ni mzito. Nchi yetu ilipiga marufuku ukeketaji wa wasichana walio chini ya miaka 18 kwa sheria ya mwaka 1998, lakini katika baadhi ya vijiji vya Serengeti desturi hiyo iliendelea, hasa mwezi wa Desemba shule zinapofungwa. Mjini Mugumu iko nyumba ya kuwahifadhi wasichana wanaokimbia. Msichana akituma habari usiku kwamba yu hatarini, watu wa nyumba ile pamoja na polisi hawana budi kumfikia upesi. Lakini wapite njia ipi? Vijiji vingi vya huko havikuwamo katika ramani yoyote. Tangu mwaka 2015 kazi iitwayo Crowd2Map imekuwa ikijaza pengo hilo: watu wa nchi mbalimbali hufuatisha picha za setilaiti, na wenyeji, wakiwa na simu zao, huongeza majina ya vijiji, shule, maduka na njia. Mwenye kutia jina la kijiji katika ramani ile huenda akadhani ametenda jambo dogo. Kwa msichana anayengoja gizani si dogo.

PWANI YETU NASI

Je, Tanga? Mji wetu una mitaa iliyopangwa vizuri tangu zamani. Ngamiani, ambako barabara huitwa kwa hesabu, mgeni aweza kupata nyumba kwa kuuliza namba tu. Tena mwaka 2022 serikali iliandika anwani za makazi nchi nzima, na tarehe 23 Agosti mwaka huo ikafanya sensa, makarani wakitumia vishikwambi. Tulihesabiwa watu 61,741,120 katika Tanzania, na 2,615,597 katika mkoa wa Tanga. Hatuanzi, basi, na karatasi tupu. Lakini ramani haimaliziki, kwa kuwa nchi yenyewe haitulii.

Mfano mzuri ni kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani. Wapo wazee wanaokikumbuka kilipokuwa na miti, na kasa wengi wakipanda kutaga mayai. Miti ilikwisha, mchanga ukaliwa na mawimbi, na leo Maziwe ni fungu la mchanga ambalo maji yakijaa hulifunika. Kasa hawajakisahau, bado hupanda, na watu wanaowahifadhi huyachukua mayai wakayafukia salama ufuoni Ushongo, yasije yakazama. Sasa jiulizeni: mwenye ramani ya zamani tu, atajua nini juu ya Maziwe? Atajua uwongo uliokuwa kweli. Na ulimwengu, unaokutana kila mwaka kuzungumza juu ya bahari kupanda na fukwe kuliwa, wahitaji habari za mahali kama hapo, zenye tarehe na vipimo, kutoka kwa watu wanaopaona.

Yako mengine mengi. Mikoko yetu ilikuwa imefika wapi miaka kumi iliyopita, na sasa imefika wapi? Makaburi ya kale ya Tongoni yako hatua ngapi kutoka ukingo wa bahari? Ni njia ipi ya mguu inayokatika mto Zigi unapojaa? Mafungu, miamba na mikondo ambayo wavuvi huiita kwa majina, ni nani aliyeyaandika majina hayo? Mzee afapo hufa na majina yake. Setilaiti haiwezi kuyafufua, wala mtaalamu wa London hawezi kuyabuni. Kijana mwenye daftari aliyemwuliza babu yake kabla ya kufa ndiye peke yake awezaye kuyaokoa.

HADHARI TATU

Kila chombo kina makali yake, na ramani nayo ina yake.

Ya kwanza ni ukweli. Kwa kuwa kila mtu aweza kuandika katika ramani ile, kila mtu aweza kuiharibu pia, kwa mzaha au kwa uvivu. Ukiandika kisima mahali pasipo kisima, yuko mtu atakayekitegemea. Usiandike ulichokisikia kana kwamba umekiona. Kama huna hakika na jambo, rudi ukatazame. Kama huwezi kurudi, liache.

Ya pili ni siri na heshima. Si kila kinachojulikana chafaa kutangazwa. Nyumba ya kuwahifadhi wasichana haitiwi katika ramani ya watu wote, kwa sababu anayewatafuta kwa ubaya naye ana simu. Kadhalika jina la mwenye nyumba, habari za ugonjwa wake, au picha ya mtoto, havina mahali katika ramani. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, na kijana ashikaye simu yampasa kuijua. Tena ziko mahali pa ibada na pa wazee ambapo adabu hutaka uombe ruhusa kwanza. Bisha hodi, ukaribishwe, ndipo uandike.

Ya tatu ni kutosahau kwamba ramani si tendo. Bonde la Msimbazi limeendelea kufurika hata baada ya kuchorwa. Ramani huonyesha mfereji uliozibwa, haiuzibui. Kijana akimaliza kuchora bado ana jembe la kushika, na mkutano wa mtaa wa kuhudhuria.

Kwa wazazi nina neno hapa. Ramani yaweza kumletea mtu haki, na yaweza kumpotezea. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hata Chongoleani hapa Tanga, lenye urefu wa kilometa 1,443, limepitishwa katika mashamba ya watu wengi, na mashamba hayo yalipimwa na kuthaminiwa. Kazi za namna hiyo zimekuwapo zamani na zitakuwapo tena: barabara, bandari, viwanda. Mwenye shamba asiyeweza kusoma mchoro wa ardhi yake hutia sahihi jambo asilolijua. Nyumba yenye mtoto mmoja aliyejifunza kusoma vipimo, ambaye aweza kutembea mpakani na mchoro mkononi akasema, "Baba, minazi yetu mitatu imeachwa nje ya mstari," nyumba hiyo ina kinga. Basi mtoto akiomba kamba na karatasi ya kupimia uwanja, msimwambie kwamba anacheza.

KAZI YA KUFANYA

Najua kwamba wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni. Haidhuru. Hata katika kazi kubwa nilizozitaja, njia mojawapo ni kuandika kwa penseli juu ya karatasi mahali penyewe, kisha kuhamishia katika kompyuta baadaye. Penseli ndiyo mwanzo. Tuchore ramani ya uwanja wa shule, wanafunzi wawili wawili.

1. Pimeni mita 50 kwa kamba. Tembeeni urefu huo kwa mwendo wa kawaida mara tatu, mkihesabu hatua, kisha mtafute wastani. Aliyepiga hatua 75, kila hatua yake ni theluthi mbili za mita.

2. Tafuteni kaskazini. Asiye na dira achomeke fimbo iliyonyooka mahali tambarare, karibu na saa sita mchana, atie jiwe kwenye ncha ya kivuli. Baada ya nusu saa atie jiwe la pili kwenye ncha mpya. Mstari kutoka jiwe la kwanza hata la pili huelekea mashariki, kwa kuwa jua laenda magharibi na kivuli huenda kinyume chake. Akisimama akitazama mashariki, kaskazini iko mkono wake wa kushoto.

3. Chagueni skeli: sentimita 1 iwe mita 10. Anzeni langoni, mpime kwa hatua hata pembe ya jengo la kwanza, mtie alama. Kisha jengo la pili, na kuendelea. Msisahau mabomba ya maji, miti mikubwa, mifereji na mahali maji yatuamapo mvua inyeshapo.

4. Andikeni pembeni majina yenu, tarehe, skeli na mshale wa kaskazini. Ramani isiyo na tarehe ni kama barua isiyo na sahihi.

5. Linganisheni ramani yenu na ya wenzenu. Mtaona tofauti. Msigombane, rudini mahali penyewe mkapime tena pamoja. Kupotea njia ndiko kujua njia.

Likizo ikija, kila mmoja achukue ujuzi huu nyumbani kwake, aandike mtaa au kijiji chake, na amwulize mzee mmoja majina matano ya mahali ambayo hayajaandikwa popote. Atakapopata kompyuta, hapa shuleni au kwingineko, kazi yake itakuwa tayari kuingia katika ramani ya ulimwengu.

Mwaka 1886 mstari ulianzishwa katika mto wetu na watu wasiotuuliza. Hatuna nguvu ya kurudi nyuma kuwashika mikono. Lakini kalamu sasa iko mezani petu pia, na atakayeiacha asilaumu mwingine akichorewa.

MASWALI

1. Kwa nini simu yahitaji setilaiti nne, wala si tatu, ili ijue mahali ilipo?

2. Mji wa Pangani uko digrii 5 na dakika 26 kusini ya Ikweta. Ikiwa dakika moja ya latitudo ni kilometa 1.85, Pangani iko kilometa ngapi kusini ya Tanga? Kwa nini safari ya barabara ni ndefu kuliko jibu lako?

3. Taja mambo matatu ya kijiji ambayo picha ya setilaiti haiwezi kuyaonyesha, na ueleze ni nani awezaye kuyasema.

4. Eleza kwa nini nyumba ya kuwahifadhi wasichana haifai kutiwa katika ramani ya watu wote, ilhali zahanati yafaa.

5. Insha: "Asiyechora ramani huchorewa." Toa mfano mmoja wa mahali unapopajua, uonyeshe faida au hasara iliyopatikana.